Nani Mbumbumbu Hapa?

Waingereza wana tusi lao, "dunce", la kumwita mtu asiyeingia kitu kichwani. Kwetu huyo ni mbumbumbu, na mwenye ulimi mkali ataongeza mzungu wa reli. Tusi lenyewe silipendi, ila kisa chake nakipenda mno. Twende, tukihesabu kutoka tano.

5. Kofia. Mtoto aliyeshindwa somo alivishwa kofia ndefu ya karatasi, akawekwa pembeni wenzake wamcheke. Katika The Old Curiosity Shop, riwaya aliyoanza kuichapisha mwaka 1840, Charles Dickens anatuonyesha moja darasani, juu ya rafu karibu na fimbo: ya magazeti makuukuu, imebandikwa vidude vikubwa vya rangi kali. Muda wote huo wa kuirembesha, mwalimu si angefundisha!

4. Jonathan Swift. Mwandishi huyu alisema mwenye kipaji cha kweli utamjua kwa jinsi mbumbumbu wote wanavyoungana dhidi yake. Ukipingwa usianze kujipongeza lakini. Kuna siku wengi huwa sahihi.

3. Alexander Pope. Mwaka 1725 mshairi huyu alitoa tamthilia za Shakespeare alizozihariri mwenyewe. Mwaka uliofuata Lewis Theobald akatoa kitabu kizima cha kumkosoa. Pope akajibu kwa The Dunciad (1728), utenzi wa mbumbumbu, na Theobald ndiye mfalme wao. Mwaka 1743 akamvua taji akamvika Colley Cibber, malenga rasmi wa ikulu. Utenzi mtamu, sikatai. Ila bwana Pope, makosa uliyoonyeshwa yalikuwa makosa!

2. John Kennedy Toole. Jina la riwaya yake, A Confederacy of Dunces, limetoka kwenye maneno ya Swift. Mhusika mkuu, Ignatius Reilly, ni jitu la New Orleans lenye kofia ya kijani ya kufunika masikio. Anapewa mkokoteni wa soseji akauze, anazila mwenyewe. Toole alifariki mwaka 1969, kitabu hakijachapishwa. Mama yake, Thelma, akamganda mwandishi Walker Percy mpaka akausoma mswada. Kikatoka mwaka 1980, na mwaka 1981 kikatwaa Tuzo ya Pulitzer. Mama akishaamua, nani wa kumzuia?

1. Mwenye jina. John Duns Scotus, mtawa Mfransiskani wa Scotland aliyefariki mwaka 1308, alifundisha Oxford na Paris, na alisifiwa kwa kuchambua hoja hadi unyuzi wa mwisho. Karne ya 16, wapenzi wa elimu mpya wakawacheka wafuasi wake, jina lake likawa tusi. Mwaka 1535 wajumbe wa Mfalme Henry VIII waliukuta ua wa New College, Oxford, umejaa kurasa za vitabu vyake zikipeperushwa na upepo, na bwana mmoja akiziokota akazitumie kuwatisha paa wasitoke msituni. Kazi ya maisha ya mwanazuoni, kinyago cha kutishia paa! Inaniuma hadi leo. Lakini hoja aliyoitetea, kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili, Kanisa Katoliki liliitangaza kuwa fundisho la imani mwaka 1854, na mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II akathibitisha heshima yake ya Mwenye Heri.