Chupa Tisa Mbele ya Mashine

Jumamosi, saa nne asubuhi, mjini Bonn. Mwandishi wetu, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, amepanga foleni ndani ya supamaketi, begani kaning'iniza mfuko wa chupa tupu. Mbele yake wapo watu watano, kila mmoja na mfuko wake, na hakuna anayefungua kinywa. Mlioko nyumbani mngeiona foleni hiyo mngedhani kuna msiba. Hakuna msiba, watu wanangoja kulipwa na mashine.

Mashine yenyewe imejengwa ukutani na ina tundu la mviringo kama mdomo wa chewa. Unaiingiza chupa kwa kitako, inaizungusha, inasoma alama iliyochapwa ubavuni, kisha ama inaimeza ama inakurudishia kwa mlio mfupi wenye dharau kidogo. Chupa ya plastiki ya maji au soda ni senti 25 za yuro. Chupa ya kioo ya bia ni senti 8. Fedha hiyo uliitoa mwenyewe siku uliponunua kinywaji, na tangu mwaka 2003 sheria imezibana hata chupa na makopo ya kutumika mara moja. Wenye haraka huacha chupa zao kando ya pipa la taka mtaani, wima, ili mzee anayezikusanya asilazimike kuingiza mkono kwenye uchafu.

Siku hiyo mwandishi alikuwa na chupa tisa. Nane zilimezwa. Ya tisa, aliyoikanyaga makusudi ili itoshe mfukoni, ilirudishwa mara tatu. Akaipuliza kama puto, akaikanda, akainyoosha pajani, akakaribia kuisomea dua. Waliokuwa nyuma yake wakatazama dari kwa adabu.

Alitoka na risiti ya yuro 2 na furaha ya mtu aliyeokota, ingawa fedha ilikuwa yake tangu mwanzo. Alitoka pia na swali lililomkosesha raha hadi adhuhuri: fedha hii ya chupa kwa Kiswahili inaitwaje? Wajerumani wanaiita Pfand. Msimulie mtu wa Tanga habari hii bila kuwa na neno lake, utazunguka kama ile chupa.

Na katika kusaka maneno kama hilo, kwa kweli, ndimo ilimo starehe yake ya kila siku. Alipohamia huku aliamini kwamba msukumo wa kuandika ungemshukia mahali penye heshima. Beethoven alizaliwa katika mji huu mwaka 1770, na sanamu yake imesimama katika uwanja wa Münsterplatz tangu 1845. Mwandishi alikaa chini ya sanamu hiyo mchana mzima wa Novemba, daftari mapajani, akingoja. Alichopata ni mafua.

Basi Jumamosi ile, akilisaka neno la Pfand, akamtumia shangazi yake ujumbe wa sauti. Baada ya shikamoo, dakika tatu nzima zikaenda katika kueleza mashine, tundu, risiti na chupa ya tisa. Jibu lilikuja la sekunde kumi na moja: "Marahaba, mwanangu. Kwani chupa za soda za Mangi hukuwa ukiziwekea rahani? Na hela yako wamekurudishia?"

Rahani! Akafungua kamusi ya Kijerumani mbio mbio. Pfand ndilo neno lile lile la kitu unachomwekea mtu dhamana akukopeshe, ukilipa urudishiwe. Shangazi, ambaye Kijerumani hakijui hata salamu, amefasiri neno sawasawa huku akikuna nazi (mbuzi ilisikika vizuri kwenye ujumbe). Uvumbuzi mkubwa wa Ulaya, kumbe Mangi wa duka la pembeni anao na hauhitaji umeme.

Ujumbe ule ulikuwa na hazina ya pili. Hilo neno hela lilitoka kwa Wajerumani hao hao. Mwaka 1904 serikali yao ya kikoloni ilibadili hesabu ya rupia yake ya Afrika Mashariki: badala ya kugawanywa kwa pesa 64, rupia moja ikawa na heller 100. Rupia ile imekwenda zake na walioileta wamekwenda zao, na leo huwezi kununua hata kiberiti kwa heller popote Ujerumani. Lakini hela na pesa zote mbili zimebaki kinywani mwa shangazi, na kwa bahati mbaya hazibaki mkobani mwake. Mwandishi alijaribu kumsimulia dada wa kaunta kwamba sisi bado tunaitumia sarafu ya babu zao. Dada akamuuliza analipa kwa kadi au taslimu.

Wala si yeye wa kwanza kuhangaika hivi. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili mjini Berlin katika miaka ya mwanzo ya 1890, akaandika habari za maisha yake na za mji huo. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakatoka katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Watu hao walilazimika kuieleza nchi ya barafu kwa wasomaji wa pwani, tena bila shangazi mwenye simu. Mwandishi wetu ana nakala ya kurasa hizo, imekunjamana kama noti ya daladala, na usiku akikwama huisoma kitandani akiwa amevaa soksi mbili mbili.

Starehe nyingine ni za bei nafuu zaidi. Kuna tramu. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, siku hizi inatangaza kutoka Bonn, kwa hiyo lugha yetu si mgeni kabisa mjini. Hata hivyo, jioni moja mama mmoja aliongea kwenye simu kwa Kiswahili kilichonyooka, habari za wifi yake na seti ya vyombo, akiamini kwamba behewa zima ni mbao tupu. Mwandishi alipitiliza vituo viwili ili ajue vyombo vilirudishwa au la. Havikurudishwa.

Kuna Jumapili, siku ambayo maduka yamefungwa kwa sheria na hata kutupa chupa ya jamu kwenye pipa la vioo mtaani ni kosa, maana inalia. Mtu aliyelelewa katikati ya adhana, pikipiki na taarabu za kundi la Black Star kutoka redio ya jirani, kimya cha namna hiyo kinamtoa jasho. Siku hizi amekizoea, na kurasa zake nzuri karibu zote ni za Jumapili.

Na kuna chai. Oktoba 7, 2021, mwandishi wa riwaya Abdulrazak Gurnah alikuwa jikoni kwake Canterbury akiandaa chai alipopigiwa simu ya Tuzo ya Nobeli, akadhani anafanyiwa mzaha. Tangu aisikie habari hiyo, mwandishi wetu hapuuzi simu yoyote birika likiwa motoni. Mpaka sasa wamepiga wauza intaneti, mara tatu.

Neno linalomshinda bado ni Feierabend, ile saa ya kutoka kazini ambayo Wajerumani wanaitaja kwa sauti ya mtu anayevua viatu. Alijaribu kuliita wakati wa kubarizi. Ili kuupima ufasiri wake, jioni moja ya Julai alishusha kiti, akakiweka mbele ya mlango wa jengo, akaketi na kikombe chake kama watu wa barabara ya kumi na mbili kule Ngamiani. Baada ya robo saa jirani wa ghorofa ya pili, bibi wa miaka themanini hivi, akafungua dirisha na kumuuliza kama amejifungia nje. Hapana, akajibu, nimekaa tu. Bibi akafikiri. Akashuka ngazi polepole, akampa kikaratasi chenye namba ya fundi wa kufuli, akamshauri apige kabla ya Jumapili, maana Jumapili bei inapanda.