Senti Zilizotunziwa Kiti
Mholanzi anayejifunza kuandika tarakimu kwa Kiingereza hulazimika kupindua alama zake, kwa kuwa kwao 1.500 ni elfu moja na mia tano, ilhali kwa Mwingereza ni moja na nusu tu. Na 25 huitamka “tano na ishirini”, akianzia mkiani. Taabu hiyo ingepungua, au pengine ingenona, kama angepelekwa gulioni Masanze, wilayani Kilosa, ambako bei ya gunia huandikwa, tuseme, 80,000/=, mkwaju (yaani ule mstari wa mshazari) ukiwa urithi wa Waingereza waliotenganisha nao shilingi na peni, na vistari viwili vikishika nafasi ya senti, ambazo sokoni zilikwisha kupotea zamani lakini bado zinatunziwa kiti. Muuzaji akitaja “laki na nusu”, yaani 150,000, mgeni ataandika kwa uaminifu 100.000,5, kisha “elfu kumi na mbili” itamkalisha chini kabisa, maana yaweza kuwa 12,000 na yaweza kuwa 10,002. Mwenyeji hababaiki, kwani hizo shilingi mbili nani atazidai?