Yah: Kuomba Bwana wa Meza ya Dirishani Apewe Ajira

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Umma, mjini kwetu.

Ndugu Mkutubi Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongera kwa nidhamu. Mlangoni pako mkoba unaachwa kwa mlinzi, chupa ya maji inaachwa, karanga zinaachwa. Mikono pekee ndiyo inayoingia bila kukaguliwa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Bwana wa meza ya dirishani unamfahamu, usinikatalie. Anafungua gazeti la juzi wala halisomi. Anasubiri wanafunzi watoke shule. Akiingia binti mwenye daftari la fizikia, kiti kinasogezwa. Unaitwa nani? Unakaa wapi? Simu unayo? Chini ya meza, mguu wake unapotea njia. Binti akihamia meza nyingine, na gazeti linahama.

Juzi binti mmoja alipaza sauti: "Niache!" Ofisi yako ikachapa kazi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona nikiulizia kitabu. Mhudumu alifika mbio, akamwonyesha bango la KIMYA TAFADHALI, akachukua kadi yake na kumtoa nje kwa kosa la kelele. Bwana alibaki kitini. Yeye hana kelele. Mambo yake huyafanya kwa sauti ya chini kabisa, kama kanuni zako zinavyotaka.

Ndiyo maana naomba aajiriwe. Kazi ya kupunguza wasomaji anaifanya vizuri, tena bila mshahara. Na kwa kuwa kila anayelalamika huambiwa "hama meza, mwanangu", basi meza za bwana zipakwe rangi, mabinti wajue mapema pa kutokaa.

Sikulaumu kwa yote. Dada wa kaunta yuko peke yake, naye huombwa namba ya simu kila anapogonga muhuri. Hana daftari la kuandikia malalamiko, na mlinzi anajua mikoba tu. Wala sitaki ufukuze kila anayekera. Kijana anayesinzia juu ya kamusi, mama aliyekuja na mtoto mchanga, mzee anayeongea peke yake bila kumgusa mtu, hao waache. Jengo ni la umma, na umma ndivyo ulivyo.

Bajeti ya ajira ikikosekana, ipo njia nyingine. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinafanya unyanyasaji wa kijinsia, hata wa maneno matupu, kuwa kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 5. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nimekisoma kifungu hicho nikitafuta mahali panaposamehe maktaba, au panapomtaka aliyebughudhiwa anong'one. Hapapo.

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Kabla ya hapo, yule binti arudishiwe kadi yake, na bwana anyang'anywe ya kwake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa meza ya nyuma.