Karafuu Zisizofika Sufuriani

Hamburg, mwishoni mwa Desemba

Shangazi yangu mpenzi,

Mimi huku sijambo wa afya, ila vidole tu. Hofu na mashaka ni juu yenu mlioko Wete, mbali na upeo wa macho yangu.

Vidole vimeumizwa na karafuu. Ngoja, usicheke. Sikupanda mti wala sikushika tawi. Nilikaa kitako jikoni kwa bibi mwenye nyumba ninayopanga, chai mkononi, tukizichomeka karafuu kwenye machungwa, moja moja. Wenyeji wa huku, Krismasi ikikaribia, hulijaza chungwa karafuu hadi likawa kama nungunungu, wakalifunga utepe mwekundu, wakaliweka mezani. Haliliwi. Kazi yake ni kunukia.

Na ina ufundi wake. Chungwa la ganda jembamba halifai, litavuja. Unatangulia kutoboa kwa sindano nene, ndipo unapachika karafuu, na baina ya moja na nyingine unaacha nafasi, maana chungwa likikauka hunywea na karafuu zikasogeana. Bibi alimwaga kichupa chake mezani akaanza kuokota ovyo. Mimi mikono ilishaanza yenyewe kuchambua: zenye vichwa huku, zisizo vichwa kule, makonyo pembeni. Bibi akaacha kazi, akavaa miwani, akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa shangazi yangu, barazani. Basi nimepandishwa cheo: mimi ndiye mkaguzi wa karafuu wa nyumba nzima, na wajukuu zake hawapachiki hata moja isiyopita kwangu. Zisizo vichwa zilikuwa ziende pipani. Nimeziwahi, ndizo ninazotilia chai.

Tena Hamburg na karafuu zetu wanajuana zamani. Bi Salme bint Said alihamia hapa mwaka 1867 na mumewe Mjerumani, na kaburi lake liko Ohlsdorf. Baba yake ndiye yule Sultani Seyyid Said aliyewashurutisha watu kupanda mikarafuu. Fikiria binti wa mtu huyo awekewe chungwa la namna hii mbele yake!

Katikati ya meza hulazwa shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne ya Majilio, mmoja huwashwa kila Jumapili. Watu wa hapa hujivunia kwamba shada hilo limezaliwa kwao: mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, alipanga mishumaa kwenye gurudumu la mkokoteni ili watoto wajihesabie siku zilizobaki, wasimchoshe kwa kuuliza. Namwelewa kabisa. Kuna na nyota za mabua. Bua hurowekwa, hupasuliwa, hupigwa pasi, ndiyo, pasi hii hii ya nguo, kisha hufungwa kwa uzi mwekundu. Mashati yangu hayajaonja pasi tangu nifike, lakini mabua yamenyooka. Jina la kila mgeni huandikwa kwenye kadi na kuchomekwa kwenye koni ya msonobari. Langu limekosewa herufi moja, nimesamehe.

Sasa chakula. Kwa meza iliyoshughulikiwa namna ile, nilishinda na njaa makusudi. Usiku wa tarehe 24, ambao kwao ndio mkubwa, ikaletwa saladi ya viazi na soseji. Basi! Nikaambiwa ndivyo zilavyo nyumba nyingi za Wajerumani usiku huo, na bata bukini husubiri kesho yake. Mimi niliwekewa samaki, maana bibi ana adabu na anajua nguruwe simgusi. Nikaikumbuka Idi yetu: supra chini, sinia juu, na pambo ni pilau lenyewe. Mtu akiitafuna karafuu huitoa akaiweka ukingoni mwa sinia. Wao huzipanga mezani kabla ya kula, sisi baada ya kula.

Shangazi, akitokea msafiri, nipatie kibaba kimoja. Zenye vichwa pekee, konyo lisionekane hata moja, cheo changu kiko hapo. Bibi ameshaanza kuhesabu machungwa ya mwakani. Na Babu akiuliza za nini, mwambie mjukuu wake anaumwa jino. Akisikia ni za kuchomekwa kwenye chungwa, hatotoa hata moja.

Mwanao