Yah: Ombi la Kukuhamishia Bonde la Ziwa Rukwa

Kwa Mheshimiwa Mfumo wa Mafunzo kwa Njia ya Mtandao,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa zahanati moja chini ya milima ya Lyambalyamfipa. Tangazo lako lasema tunaweza kusoma mahali popote, wakati wowote. Mahali popote, kwa huku, ni juu ya kichuguu nyuma ya choo cha zahanati, simu imeinuliwa upande wa Sumbawanga. Mji ule uko karibu mita 1,800, sisi ni kama 800, na mtandao haupendi kuteremka. Wakati wowote ni saa nane usiku, bando likiwa rahisi na mama aliyeko wodini njia yake haijafunguka.

Juu ya kichuguu hicho nilianza somo lako la mama kutokwa damu baada ya kujifungua. Somo zuri, sina ugomvi nalo. Video ikafika pale mkunga anapoanza kukanda mfuko wa uzazi, ikazunguka, ikazunguka. Ndani mama akaniita. Nikaenda, nikazalisha, nikatoa kondo, nikakanda. Niliporudi ukaniandikia kwamba muda wangu umekwisha, nianze upya. Kumbe kukanda kwenyewe hakuna pointi. Pointi ziko kwenye kubonyeza “Endelea”.

Baadaye nilimaliza. Nikaulizia cheti, nikaambiwa pointi hazijasoma. Mimi nimesoma, zenyewe hazikusoma, na bila pointi leseni haihuishwi.

Marehemu Adrian Atiman, ambaye hospitali ya Sumbawanga inabeba jina lake, alisomea tiba Malta, akaja kuwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Nayo ilikuwa elimu ya masafa, ila masafa aliyakata mara moja. Chuo Kikuu Huria kilipoanzishwa mwaka 1992 hakikumdai mwanafunzi minara ya simu. Kitabu kilifunguka hata bondeni. Kwa jirani zetu Kenya, shirika la afya la Amref lilipoanza mwaka 2005 kuwaendeleza wauguzi wa cheti kwa kompyuta, vituo vya kusomea viliwekwa hadi ndani ya hospitali. Muuguzi alisomea kazini, si kichuguuni.

Kwa heshima, basi, naomba uhamie hapa kwa robo moja ya mwaka. Sola ipo, ila friji ya chanjo inatangulia, wewe utafuata. Usitamani kukimbilia mjini. Umeme wa Sumbawanga nao kwa miaka mingi umenunuliwa Zambia, hivyo ukikatika utalalamika kwa lugha mbili. Utapangiwa zamu kama sisi, na ripoti ya mwezi utaandika.

Ukiwa hapa utajifunza kujishusha wote kwenye simu mara moja, usomeke bila bando, kisha majibu yapande siku ninapopanda Sumbawanga kufuata dawa. Utajifunza pia kuniandikia saa za kusoma kwenye ratiba ya zamu, zihesabiwe kuwa kazi. Sasa hivi zinahesabiwa kuwa usingizi wangu.

Uje na chandarua. Posho ya uhamisho utajilipia kwanza, utarejeshewa fedha zitakapopatikana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi Msajiliwa
(Jina limekataliwa: nywila si sahihi)