Mahari ya Land Rover: Jinsi ya Kulikatia Bima Gari la Kale

Hatua ya kwanza ni kuacha kuliita mkweche. Ukiingia ofisi ya bima na kusema, "Nina kimkweche changu cha mwaka 74, naomba bima," umeshafungwa bao kabla hujakaa. Wakala atachapa namba ya usajili, atakutoza laki moja na ushee, na utatoka pale na stika inayomlinda kila mtu barabarani isipokuwa gari lako. Sema hivi: "Shikamoo mzee, nina Land Rover Series III, bodi yake ya aluminiamu na injini yake ya kiwandani, na nimekuja tuzungumze thamani." Kisha vuta kiti. Mazungumzo haya hayafanywi wima.

Atakachotaka kukupa haraka ni bima ndogo. Sheria inailazimisha kwa kila gari linalotembea barabarani, na ni sheria nzuri: ukimgonga bodaboda au ukiingia kwenye kibanda cha mama ntilie, wao watafidiwa. Bampa lako la chuma ni shauri lako. Ipo nyingine ya katikati inayoongeza moto na wizi, na kwa gari linaloshinda bandani likisubiri vipuri si chaguo baya. Lakini kama gari linatembea, tafuta bima kubwa. Kampuni kadhaa zitasita zikisikia umri wake. Waulize kwa upole kama wanasita kwa sababu ya gari au kwa sababu ya kompyuta yao.

Maana kompyuta ya bima inajua jambo moja tu kuhusu magari: kila mwaka yanachakaa na kushuka bei. Kwa Vitz ya juzi hesabu hiyo ni sawa. Kwa Land Rover ya 1974 au Peugeot 404 iliyotunzwa, ni matusi. Kwa hesabu ya uchakavu magari hayo yalishafika sifuri zamani, ilhali ukisimama na mojawapo sheli, watu wawili watakuuliza unauza shilingi ngapi kabla tanki halijajaa.

Hapa ndipo penye mtego, na ningependa kila mwenye gari la kale aujue kama anavyojua jina lake. Unataja milioni 30 kwenye fomu. Wanakubali bila kubisha. Ada ya bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani uliyotaja. Kwa asilimia 3.5 ya milioni 30, zinakutoka shilingi 1,050,000 kwa mwaka. Unalipa. Gari linaungua. Sasa ndipo wanapokufungulia kifungu kinachosema watalipa kiasi kilichotajwa au thamani ya soko siku ya hasara, kile kilicho kidogo. Mtathmini anaandika milioni 6. Ulikatwa ada ya milioni 30 na unalipwa za mkweche, na hakuna aliyevunja sheria.

Wajanja hukimbilia upande wa pili: wanataja kiasi kidogo ili ada ipungue. Huko nako kunaweza kuwa na kifungu cha wastani. Tuseme gari lina thamani ya milioni 40, wewe umetaja 10, na matengenezo baada ya ajali ni milioni 8. Umekatia bima robo ya gari, basi unalipwa robo ya matengenezo: milioni 2. Zilizobaki utazitafuta mwenyewe.

Dawa inaitwa thamani ya makubaliano. Mnakaa, mnajadiliana, mnaandika kiasi, mnasaini, na gari likipotea kabisa ndicho kinacholipwa, bila mtu kwenda kuuliza bei sokoni. Ni kama mahari: washenga wanakwenda na kurudi, wazee wanavutana, kiasi kinatajwa mbele ya mashahidi, na hakuna anayepanga mahari siku ya talaka. Wakala akikwambia jambo hilo halijawahi kusikika, msimulie habari za Hagerty, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Traverse City, Michigan, Marekani, kwa kukatia bima boti za mbao ambazo wengine hawakujua wazipime vipi. Baadaye ikaingia kwenye magari ya kale, na thamani ya makubaliano ndiyo ikawa msingi wa biashara yake. Hapa kwetu Tanzania huenda isiwe kwenye fomu ya kawaida. Iombe kama nyongeza ya maandishi, yenye muhuri, iliyobanwa kwenye hati yenyewe. Neno la mdomo la wakala, hata akiwa shemeji yako, lisikutoe ofisini.

Ili kiasi hicho kikubaliwe, nenda na faili. Hapa usione uvivu, kwa sababu faili ndilo litakalokusemea siku gari lenyewe halipo. Piga picha pande zote nne, ndani, injini, na chini ya gari. Kwenye Land Rover Series III tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Itakuwa imefunikwa na tope la miaka na rangi ya mafundi watatu. Paka mafuta ya taa, acha yalainishe, kisha sugua taratibu kwa brashi ya waya mpaka tarakimu zitokee, na upige picha ukiwa na mwanga wa jua wa ubavuni ili michongo isomeke. Wekea pembeni nakala ya kadi ya gari. Tarakimu zikilingana, umeshashinda nusu ya mjadala. Ongeza risiti za vipuri, hata zile za vibandani zilizoandikwa kwa mkono, na ripoti ya mthamini anayeyajua magari haya.

Mthamini anayeyajua utamtambua kwa macho. Asiyejua huzunguka gari, hugonga bodi kwa kidole, huandika "kuukuu." Anayejua hulala chini kwanza. Bodi ya aluminiamu haishikwi na kutu kama bati, kwa hiyo Land Rover inaweza kung'aa juu huku chesisi ya chuma inaliwa kimyakimya chini. Atagonga chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Atafungua boneti aone kama kabureta ni ya asili. Mlipe mtu huyo ada yake bila kunung'unika.

Kama gari lina historia, ithibitishe kwa karatasi. Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Shankland alikuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania. Tangu hapo 404 haikosi mtu wa kuapa kuwa yake ndiyo ile. Kuapa hakuongezi hata shilingi. Picha za wakati ule na kadi ya zamani vinaongeza.

Halafu kuna suala la injini, na hapa naomba tuambiane ukweli. Land Rover nyingi za kwetu zina injini ya Toyota au Nissan chini ya boneti, kwa sababu petroli ni ghali na fundi alikuwa na injini ya dizeli mkononi. Hakuna aibu. Lakini bima imejengwa juu ya mwenye gari kusema kila kitu chenye uzito kabla ya kusaini, na injini tofauti na ile iliyo kwenye kadi ni kitu chenye uzito. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, rekebisha kadi, kisha uwaambie bima kwa maandishi. Usipofanya hivyo, siku ya dai umewapa sababu ya kukukatalia, na watakuwa na haki.

Sasa soma hati. Yote, pamoja na maandishi madogo. Tafuta kifungu cha vipuri visivyopatikana nchini: mara nyingi husema kampuni italipa bei iliyo kwenye orodha ya mwisho ya kiwanda. Kwa gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza miaka arobaini iliyopita, orodha hiyo haitakununulia hata taa ya pembeni. Omba kibadilishwe kiwe gharama halisi ya kuagiza. Tafuta kifungu cha mabaki, maana fidia ikishalipwa gari lililoharibika huwa mali ya kampuni. Omba haki ya kuyanunua wewe kwanza, kwa sababu kwenye mabaki ya Peugeot 504 kuna milango, vioo na gia boksi ambavyo huwezi kuvipata tena. Na omba gari litengenezwe na fundi wako. Kijana hodari wa kusoma kompyuta ya gari la kisasa anaweza asijue hata platini inarekebishwaje, na si kosa lake.

Matumizi nayo yaandikwe sawasawa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linataka gari liwe na angalau miaka 30, litunzwe katika hali yake ya kihistoria, na lisiwe la safari za kila siku. Kama lako hutoka Jumapili tu, litaje hilo ukiomba ada ipungue. Lakini ukilikodisha kubeba maharusi, hata mara moja kwa bahasha ndogo, hayo si matumizi binafsi tena, na ajali ikitokea kati ya kanisa na ukumbi utakuwa peke yako. Mashindano ya mwendo nayo kwa kawaida hayamo. Na ukitaka kuvuka Namanga kwenda kulionyesha Nairobi, kata Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania imo kwenye mpango huo. Ila kumbuka kadi hiyo inahusu madhara kwa wengine na matibabu yenu mliomo garini. Bodi ya gari lako inahitaji nyongeza ya eneo kwenye bima kubwa.

Ukishalipa, ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama bima yako imo, palepale, kabla hujaondoka kwenye kiti. Stika bandia zimewaliza watu wenye magari mapya, seuze lako.

Na ikifika siku ya dai, toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema, usisogeze wala kufungua kitu kabla mtathmini hajaona, isipokuwa polisi wakikuamuru. Ukiletewa fomu ya kukubali malipo ya mwisho na kiasi si kile mlichokubaliana, usisaini, hata wakikwambia hundi iko tayari mezani. Andika barua ya kupinga, bakiza nakala yenye muhuri wa mapokezi. Wakikaza, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya mivutano kama hii. Nenda na faili zima, na ile nyongeza ya thamani ya makubaliano iwe karatasi ya juu kabisa.