Geti la Kijani
Kiwanda kimoja hapa Thika, jina nimelitia mfukoni, kimejiandaa vilivyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilipotaka taka zitenganishwe, getini yakapangwa mapipa matatu ya rangi, vibandiko vya bei havijabanduliwa. Jioni, yote humwagwa kwenye mkokoteni mmoja. Zilizotengana asubuhi hurudiana, kama mke na mume waliosuluhishwa na wazee.

Zikaja kanuni za 2024 zinazomtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata ikishatumika. Kikao kikaitwa, chai ikanywewa, geti likapakwa kijani. Na mtambo wa kusafisha maji taka? Bosi asema uko kwenye bajeti. Uko humo tangu kanuni za ubora wa maji za 2006, na hauonyeshi dalili ya kutaka kuhama.

Mto Chania hauhudhurii vikao. Huteremka kutoka Nyandarua, ukapita mjini, ukajirusha kwenye maporomoko pale hoteli ya Blue Posts, wageni wakapiga picha povu jeupe. Si kila povu ni la maporomoko, lakini.

Ndugu zetu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, mkija kukagua, getini mmeshapaona. Pitieni upande wa mtoni, tena usiku.